Toleo Lililofungwa

Siku ya tatu mfululizo Emiliana alikaa sakafuni katika ofisi ya viwanja mjini Dodoma, mabenchi yakiwa yamejaa, hati ya shamba lake la zabibu la Makutupora ameifunga kwenye pindo la khanga. Dirishani walimwambia jina lake halimo tena. Shamba lina mwenyewe mwingine.

Nyuma ya dirisha hilo hilo binti yake Zipora, fundi kompyuta wa mkataba, aliyasikia hayo kwa hasira. Miaka miwili nyuma mkuu wa ofisi, Bwana Ludovick, alimwamuru aifunge programu ya orodha ya mashamba kwenye toleo la zamani, isisasishwe kamwe. Akaifunga bila kuuliza, maana mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule. Baadaye alisoma maelezo ya toleo jipya: linaonyesha kila shamba lililobadilishwa, hata mabadiliko ya miaka ya nyuma, pamoja na jina la aliyelibadilisha.

Na kila Ijumaa Bwana Ludovick alikuja mezani kwake. "Nipishe kidogo, mwanangu. Kanichemshie chai." Mkubwa haambiwi asubiri. Zipora alimwachia kiti na kompyuta ikiwa wazi kwenye akaunti yake mwenyewe, akaenda jikoni.

Siku za mwizi ni arobaini, na leo Zipora alitaka kumwona akitolewa mbele za watu kama kibaka. Aliwaita majirani wa mama yake waliopokonywa mashamba, akamwita na mkaguzi. Saa nne kamili akaifungua programu, akaandika amri ya kusasisha. Mistari ikateremka kwenye kioo.

"Nani kakuruhusu ku-update?" Bwana Ludovick aliuliza mlangoni.

"Shikamoo, bosi. Nimejiruhusu."

Hakukasirika. Akaingia, akasimama katikati ya watu na kumwambia mkaguzi asome kwa sauti, wote wasikie.

Mkaguzi akainama. "Shamba la Nikodemo. Limebadilishwa na Zipora Mazengo. Shamba la Hamida, Zipora Mazengo." Akashuka chini, mstari kwa mstari. "Shamba la Emiliana Mazengo..." Akamgeukia fundi. "Zipora ni wewe?"

Nje ya dirisha Emiliana aliinuka sakafuni taratibu, akishika ukuta.

"Mpishe mkaguzi kiti, mwanangu," Bwana Ludovick alisema kwa upole. "Katuchemshie chai."

Zipora akajikuta ameshasimama.