Kosa Limefutwa

Waya alikuwa amelala chini ya gari la wagonjwa, tochi mdomoni, akifuata nyaya moja baada ya nyingine kwa kidole. Jina hilo alipewa palepale karakana, kwa sababu gari likiwashinda mafundi wengine aliitwa yeye na mashine yake ya kusoma makosa.

Mashine ilikuwa imeshasema: P0335, sensa ya kranki, kifaa kinachopima mzunguko wa injini. Lakini Waya hakuwa mtu wa kubadilisha kifaa kwa vile tu mashine imekitaja. Alipima nyaya, zikawa nzima. Akawasha injini na kuiacha ingurume mpaka ikapata moto sawasawa, nayo ikazimika yenyewe. Ilipopoa, ikawaka tena. Sensa ilikuwa imechoka. Ikipata joto inakuwa bubu.

Dereva, mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alikaa juu ya tairi kuukuu akimsikiliza. Akamsimulia kwamba wiki iliyopita gari lilimzimikia mlimani, nyuma yuko mama mwenye uchungu. Walisubiri karibu nusu saa, muuguzi akimpepea kwa jalada la faili. Mtoto akazaliwa hapohapo barabarani.

"Alilia?" Waya aliuliza.

Dereva alitazama viatu vyake. "Hakulia, mwanangu."

Duka la vipuri lilikuwa ng'ambo ya barabara, na sensa ilikuwapo. Kazi ya saa moja tu. Waya alimpigia simu afisa usafirishaji wa hospitali, naye akaja mwenyewe, shati limenyooka, bahasha ya kaki kwapani. Alieleza kwa upole kwamba kipuri hakinunuliwi bila sahihi tatu, na mwenye sahihi ya tatu yuko semina mpaka wiki ijayo. Ila saa nane wakaguzi wanakuja, na gari lenye taa ya injini inayowaka dashibodini wataliandika bovu.

"Wewe lifute tu hilo kosa kwenye mashine, dada. Taa izime."

"Taa itazima, ugonjwa utabaki."

"Mimi nimetumwa taa."

Waya alimgeukia bosi wake. Bosi, ambaye karakana yake iliishi kwa magari ya hospitali hiyo, alikuwa ameinamia sanduku la spana kana kwamba kuna kitu kimempotea. Waya akabonyeza kitufe. Taa ikazima.

Afisa akatoa kadi ya kazi. Mahali palipoandikwa "Limetengenezwa" alitaka sahihi ya fundi. Waya aliifuta kalamu mafuta, akaandika kwa herufi kubwa: KOSA LIMEFUTWA, HALIJATENGENEZWA. SENSA MBOVU. GARI LITAZIMIKA.

Afisa aliyasoma maneno yale taratibu. Hakugomba. Aliikunja kadi mara mbili, akaitia mfukoni, akachomoa nyingine kwenye bahasha na kumpa bosi. Bosi akasaini akiwa wima. Kisha, bila kumtazama Waya usoni, akamwambia kwamba kuanzia kesho magari ya hospitali atayashika fundi mwingine.

Dereva alikuwa ameshaingia kwenye gari. Waya akamwomba afungue boneti ashuke. Aliushika mkono wake, akauongoza nyuma ya injini hadi vidole vikagusa sensa, kitu kidogo kama kidole gumba. Akamwelekeza awe na maji na kitambaa muda wote. Gari likizimika, alowanishe kitambaa, akibandike hapo, asubiri dakika tano ndipo awashe.

"Dakika tano," dereva alirudia, kama anayekariri dozi.

"Zisipungue, mzee."

Saa nane wakaguzi hawakufungua boneti. Walichungulia dashibodi, wakaona haina taa, wakabandika kiooni stika ya mwaka mzima. Dereva akawashukuru. Halafu akaenda kununua dumu la maji, akalifunga kwa kamba chini ya kitanda cha mgonjwa.