Mwache Ale Kwanza

Simu ya Dema iliita Ijumaa asubuhi, mwenyewe yuko bafuni anaimba. Aliyeipokea ni Kudura, mikono imejaa unga wa chapati. Kaka yake Dema alikuwa akipiga kutoka Bhutan, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga kama cha Kudura: mama amefariki alfajiri, mwambie Dema, mwambie sasa hivi.

"Nitamwambia," Kudura akasema.

Hakumwambia.

Si kwa ubaya. Kudura ni mtu wa Pangani, na Pangani msiba haupelekwi mbichi kwa mtu aliye mbali. Ataambiwa kwanza mzee anaumwa. Kisha amezidiwa. Atalishwa, atazungukwa na watu, ndipo neno litoke. Baba yake mwenyewe alipokufa, yeye akiwa hapahapa Sur, nchi ya Waarabu, kwenye kazi za ndani, Bi Tahani mwenye nyumba alimpikia uji, akamkalia mpaka akaumaliza, ndipo akamwambia. Mpaka leo Kudura huukumbuka uji ule kwa shukrani.

Na siku yenyewe ilikuwa sikukuu ya Dema. Mwaka mzima alikuwa akiingoja tsechu ya bondeni kwao, siku watawa wanapovaa vinyago na kucheza uwanjani mwa hekalu. Bi Tahani na watu wake walikuwa wamekwenda harusini Nizwa. Nyumba ile ya mtaa wa Aija ilikuwa yao watumishi wawili. Kudura akampigia Bi Tahani.

"Shikamoo, Bi Tahani."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekukauka?"

Akamweleza.

"Lahaula! Maskini wa Mungu. Basi usimwambie sasa, khalas. Mwache ale kwanza. Ikifika jioni umwambie polepole."

Kudura akaizima simu ya Dema, akaifukia ndani ya pipa la mchele.

"Simu yako imekataa kuwaka," akamwambia alipotoka bafuni. "Tumia yangu."

Dema alikuwa amevaa kira, nguo ya kwao ya kufumwa, yenye mistari myekundu na ya manjano, amejifunga kiuno kama bibi arusi. Akaiegemeza simu kwenye birika. Binamu yake, ambaye naye habari ilikuwa haijamfikia, alikuwa akiirusha sikukuu moja kwa moja kutoka uwanjani, ngoma zinavuma, watu wamejaa hadi ukutani.

"Tazama, dada! Yule mwenye pua kama ndizi ndiye mchekeshaji. Kazi yake kutania watu. Zamani alimpokonya mama kapu la chakula, mama akamkimbiza uwanja mzima!"

"Na wewe?"

"Nilijificha. Ungekuwa mtoto wa mama yule nawe ungejificha."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaisogelea simu, akawa anapekua nyuso. "Mama hukaa karibu na ngoma. Kofia ya sufu, ya kijani. Simwoni."

"Labda kachelewa."

"Mama? Achelewe tsechu? Labda awe amekufa!"

Kudura akageukia jiko. Chapati ilikuwa inaungua, akaiacha iungue.

Uwanjani wakaingia wachezaji wengine, vinyago vyao vya kutisha, meno nje. Dema akapunguza sauti.

"Hawa si mchezo. Mtu akifa atakutana nao njiani. Aliyewaona akiwa hai hatawaogopa."

"Akifa anakwenda wapi?"

"Kwanza haendi. Hajui kwamba amekufa, dada. Hurudi kwa wanawe, huwasemesha, hushangaa hawamjibu. Kwa hiyo tunamwashia taa ya samli upesi, tunamwambia: umekufa, usiogope, nenda."

Kudura akaiepua chapati iliyoungua. Akaketi. Alitaka kulisema lote kwa pamoja, lakini mdomo wake ulijua njia moja tu.

"Dema, mama yako anaumwa kidogo."

"Nani kasema?"

"Kaka yako. Amezidiwa."

Dema akamgeukia. "Alipiga lini?"

"Asubuhi."

"Simu yangu iko wapi?"

Kudura akaitoa, punje za mchele zikamwagika sakafuni. Dema akampigia kaka yake, akasikiliza, akajibu maneno machache ya kwao. Hakulia.

"Mama alikuwa hapa jikoni," akasema. "Tangu asubuhi ananisemesha. Na mimi namtafuta kwenye simu yako."

"Nilitaka ule kwanza. Kwetu..."

"Kwenu."

Dema akainuka. Akachukua finjani ya kahawa, akaijaza samli, akasokota pamba kuwa utambi. Kudura akamfuata hadi mlangoni mwa chumba.

"Nikae nawe. Mfiwa haachwi peke yake."

"Unalia."

Kudura akajipangusa kwa kanga. Machozi yakazidi.

"Machozi humzibia njia," Dema akasema. "Umeshamkawiza asubuhi nzima. Toka, dada."

Mlango ukafungwa, komeo likapita. Kwa ndani sauti ikaanza, ya chini, tulivu, ya mtu anayemweleza mzazi wake jambo gumu kwa upole. Kudura hakujua neno hata moja la lugha ile, na alielewa kila kilichosemwa. Akajitia kanga mdomoni, akapita jikoni, akatoka uani, akaufunga mlango nyuma yake. Akaenda mbali kadiri ukuta ulivyomruhusu, ndipo akalia.