Somo la Alhamisi

Chuo chenyewe, tuseme ukweli, ni vyumba vitatu juu ya duka la mabati pale Kariobangi, na mwalimu akitaka kusikika lazima angoje fundi wa chini amalize kukata chuma. Lakini shahada ya haki ya jinai ni shahada, na Nthambi aliisomea kwa moyo wote. Alitaka kuwa afisa wa probesheni, yule anayemwombea mtu asipelekwe jela.

Aliishi Kware na kakake Kyule, fundi wa vitanda, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Jioni Nthambi alisoma kwa sauti, maana ndivyo mambo yalivyomwingia kichwani, na upande wa pili Kyule akipiga msasa maua aliyoyachonga kwenye vichwa vya vitanda. Hakukosa swali.

"Siz, hapo umesema mtu akikubali makosa mapema anahurumiwa?"

"Anapunguziwa adhabu. Hajapotezea korti wakati."

"Na asijitetee?"

"Aseme tu anajuta. Hakimu hapendi mtu wa kubishana."

Hilo la mwisho halikuwemo katika noti zake. Aliliongeza mwenyewe, kwa ile raha ya kuonekana msomi nyumbani. Kyule alilirudia polepole, kama mtu anayejifunza wimbo wa kwaya, kisha akaendelea na msasa wake.

Alhamisi Nthambi alirudi amechoka, na Kyule akaanza kuuliza hata kabla daftari halijafunguliwa.

"Kyule, wewe chonga vitanda vyako uniache," alimwambia. "Haya si mambo ya mafundi."

Kyule alicheka kidogo, akaweka msasa chini ili asimsumbue. Dada mtu akasoma kimoyomoyo mpaka akalala.

Jumatano iliyofuata darasa lilipelekwa mahakamani kujionea kesi. Mwalimu Muriuki, aliyewahi kuwa karani wa korti na hakuruhusu mtu asahau, aliwapanga langoni, wote mashati meupe na tai nyekundu. "Hapa mmeleta macho," alisema. "Mdomo mmeacha chuoni. Atakayefungua wake asirudi darasani kwangu."

Kyule hakuwa amelala nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo. Akiwa na oda ya haraka hulala karakanani, kwa hivyo Nthambi hakuwa na wasiwasi. Wasiwasi ulimjia pale mlango wa pembeni ulipofunguliwa na kakake akapandishwa kizimbani, unga wa mbao ungali kwenye nywele.

Karani alisoma shtaka: kupatikana na mbao huku akijua ni za wizi. Nthambi alizijua mbao hizo. Kyule alizinunua kwa mtu mwenye mkokoteni, akazisifu wiki nzima kwa jinsi zilivyonyooka. Kama angejua zimeibwa, asingezigusa.

"Ni kweli," Kyule alisema.

Nthambi alisogea ukingoni mwa benchi. Bado hajachelewa, alijiambia. Akitamka tu kwamba hakujua, hakimu hawezi kukubali ule ukiri. Ataandika kwamba amekana, na kesi isikilizwe. Sema hukujua, Kyule. Sema tu.

"Una la kusema kabla ya hukumu?" hakimu aliuliza.

"Najuta, mheshimiwa. Sitaki kupotezea korti wakati."

Alilisema kwa sauti safi, bila kukwama. Hakimu, ambaye hakuonekana mtu mbaya, alimtazama tena. "Kuna mtu wa kwenu hapa, wa kukusemea?"

Macho ya Kyule yalipita kwenye safu ya mashati meupe. Yalimfikia Nthambi, yakateremka mpaka kwenye tai, yakaendelea kama hayakuona mtu.

"Hakuna, mheshimiwa."

Angesimama. Hakuna aliyemkalia mapajani. Lakini alimwogopa Muriuki, akamwonea haya mwanafunzi mwenzake Carolyne aliyeketi kando yake akiandika kila neno, na alipomaliza kuogopa, Kyule alikuwa ameshapewa mwaka mmoja na kuteremshwa ngazi. Kalamu ya Nthambi ilikuwa bado mkononi. Alijichukia.

Mahakama ilipoenda mapumziko ya mchana, alishuka seli akamsihi askari ampe dakika. Kyule alikuja kwenye vyuma akitabasamu.

"Ulinisikia? Nilisema vizuri?"

Nthambi alishika vyuma. Machozi yakamtoka.

"Usilie, siz. Niliona tai ya shule, nikasema sina mtu, usije ukafukuzwa. Na huyu ni Patrobas, ni mlinzi, wanasema aliiba betri. Anasomewa shtaka mchana huu. Nimeshamfundisha, atasema vilevile kama mimi."

Mtu mfupi mwenye koti la ulinzi aliinuka kwenye benchi, akamwamkia Nthambi kwa heshima, kama anayemwamkia wakili.

Ingekuwa rahisi kuitikia salamu na kuondoka. Kyule angebaki na fahari yake, angalau hiyo.

"Uliiba?" Nthambi alimuuliza Patrobas.

"Sikuiba, madam."

"Basi usikubali. Ukisomewa, sema si kweli. Wakikuambia ukubali mmalize haraka, kataa."

Patrobas alimgeukia Kyule. Kyule alimtazama dadake, na lile tabasamu likaondoka polepole.

"Kwani mimi pia ningesema hivyo?"

"Ungesema hukujua. Wangeandika umekana."

"Na kesi yako ingesikilizwa," Patrobas alisema taratibu, kama aliyeelewa kabla ya mwenyewe.

"Tutakata rufaa," Nthambi alisema haraka, ingawa alijua ugumu wa rufaa ya mtu aliyekiri kwa kinywa chake.

Kyule hakuonekana kusikia. Alikuwa akikunja uso, akitafuta jambo akilini.

"Mbona hiyo sikuisikia?" aliuliza. "Mimi nilikuwa nasikiliza yote."

"Ilikuwa somo la Alhamisi."

Alifikiri kidogo, akakumbuka.

"Ah," alisema. "Siku ile ulisoma kimoyomoyo."