Kisanduku cha Penseli

Sina subira na watu wanaotafuta ukoo wa kifalme. Kila Jumamosi nakaa chumba cha nyuma cha kanisa letu hapa kijijini Nether Sallow na madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko, na wageni wanakuja wakitarajia kukuta babu zao walikuwa malodi, mabwana wenye vyeo na mashamba. Wanakuta wachunga kondoo. Wananuna, wanaondoka.

Enid Purkiss hakutaka lodi. Ni jirani yangu, bibi wa miaka themanini na mitano, na mwanawe alikuwa karibu kumhamishia kwake, mbali huko kaskazini.

"Maud, mwanangu, nataka nimuage binti yangu kabla sijaondoka," akaniambia. "Sijui walimlaza wapi."

Miaka yote tunapeana mayai kwenye ua, sikujua alizaa binti.

Alizaliwa mfu, Machi 1962. Enzi zile mama haonyeshwi. Nesi alimfunika mtoto, akamwambia mume wa Enid, "Atazikwa vizuri, msijali," basi, ikaishia hapo.

Nikafungua daftari la maziko, ingawa nilijua. Mtoto asiyebatizwa hakuandikwa.

"Hayumo, Bi Enid."

Akaanza kufunga vifungo vya koti. Haki ya Mungu, nililichukia lile daftari, nikatamani nilitupe motoni.

Hapo ndipo nikautazama mchoro wa makaburi ukutani, aliouchora Amos Tull, mchimba makaburi wetu wa zamani. Kila kaburi ni sanduku lenye jina na tarehe, na ndani ya baadhi yake kuna kisanduku kidogo kilichochorwa kwa penseli. Siku zote nawaambia wageni hayo ni mawe ya kichwani. Jiwe gani la kichwani linakaa katikati ya kaburi, jamani! Nikakumbuka maneno ya mama yangu: vichanga wa namna ile waliwekwa kwenye jeneza la yeyote aliyezikwa wiki hiyo, wasilale peke yao.

Nikatafuta Machi 1962. Kisanduku kilikuwepo, na pembeni yake, kwa herufi ndogo: Purkiss.

"Yuko na nani?" Enid akauliza, kanishika mkono.

"Hilda Spurling."

"Mwalimu Spurling? Yule aliyenichapa rula mpaka vidole vikavimba? Maskini mwanangu! Yule mama hakutaka hata kuwaona watoto!"

Akacheka, akalia, akacheka tena. Na mimi nikalia naye, sikuona haya.

Tukatoka nje, manyunyu ya mvua yakitunyeshea. Kaburi la mwalimu lilikuwa limeota nyasi, halina hata ua moja. Nikamshika Enid kiuno, akapiga magoti kwa taabu, akaweka kiganja juu ya nyasi na kukiacha hapo.

"Mwalimu," akasema, kwa sauti ya mtoto wa shule, "ni mimi Enid, yule mtukutu wa dawati la nyuma. Asante kwa kukaa na mwanangu. Najua hakuna aliyekwambia jina lake. Anaitwa Rosemary."

Akapangusa pua.

"Na ile rula yako, iweke mbali naye."