Joto la Chumba Namba Kumi na Nne

Jumamosi saa tatu asubuhi Mwalimu Marziya alifungua chumba namba kumi na nne cha shule moja huko North York, ughaibuni, akafuta ubao, akapanga viti kumi na tisa. Serikali ililipia chumba na masomo ya Kiswahili. Joto haikulilipia, kwani siku za mapumziko mitambo ya joto huzimwa, hata Januari.

Watoto hawakuganda, maana chumba kilipata joto kila walipozungumza Kiswahili. "Shikamoo" ilipandisha nusu digrii. Kiingereza kilirudisha baridi. Mlinzi wa shule alishaliandika jambo hilo daftarini, chini ya habari ya bomba linalovuja. Kwa Clara, aliyefundisha Kiairishi chumba cha pili kwa ruzuku hiyohiyo, ilikuwa vivyo hivyo, ila wanafunzi wake walipenda kuimba.

Wanafunzi wa Marziya walielewa kila kitu, lakini mara nyingi walijibu kwa Kiingereza. Na leo alikuja Bwana Shakeel, mkaguzi. Chini ya digrii kumi na nane, darasa lingefungwa kwa muda. Marziya alishaona madarasa mawili yakifungwa kwa muda. Muda wenyewe haujaisha mpaka leo.

Shakeel akatundika kipimajoto, akaketi na koti lake. Digrii tisa.

"Hasan, jana mlikula nini?"

Hasan akajibu kwa Kiingereza. Nane.

"Elysée?"

Elysée akapandisha mabega.

Marziya alikulia Tanga, na hajawahi kumwona mtu akitaniwa chakula cha kwao akanyamaza.

"Basi, mwanangu. Nasikia kwenu sombe, kile kisamvu chenu, huchemshwa mpaka inaomba msamaha."

Elysée, ambaye mama yake alitoka Uvira, akainua kichwa. "Mwalimu! Sombe ya mama yangu? Ninyi munatiaka nazi mu kila kitu, hata mu maji ya kunywa!"

Kumi na mbili.

"Afadhali nazi," Hasan akadakia. "Nyinyi mnakula majani kama mbuzi wa Idi!"

"Mbuzi ni weye! Babu yako anawashaka gari aende kununua maziwa ng'ambo ya barabara!"

Darasa zima likaingilia, kila mmoja akitetea jiko la kwao. Kumi na saba. Kumi na tisa. Ishirini na nne. Madirisha yakatoka jasho. Shakeel akavua skafu, koti, na mwisho sweta, akaandika.

Barua ilifika baada ya siku kumi. Darasa linaendelea. Marziya akakaa kwenye ngazi za nyumba yake akacheka peke yake, kisha akawapigia simu mama za watoto wote, mmoja mmoja, na wa mwisho alipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Aya ya pili ya barua ilisema kwamba, kwa kuwa chumba kinajipasha chenyewe, ombi la mwalimu la kuwashiwa mitambo limefutwa, na wanafunzi wanaombwa kuzungumza zaidi mwezi wa Februari.

"Haya," alisema Marziya. Akavuta karatasi, akaanza kuandika utani wa kuwatosha mpaka theluji iyeyuke.