Pampu Isiyopumzika

Daktari alitaka sahihi ya baba kabla ya saa tisa. Bila sahihi, nafasi yake ya upasuaji wa kesho angepewa mwingine. Nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo wodi ya jirani, miguu imevimba karibu kama ya baba.

"Jaribu wewe muuguzi," mama aliniambia mlangoni. "Mimi nimembembeleza mpaka koo limekauka."

Baba alikuwa ameegemea mito mitatu, maana akilala chali pumzi inakatika. Ametengeneza pampu za maji tangu sijazaliwa. Pampu ikiletwa haulizi kitu; anaigusisha ncha ya bisibisi, mpini anauweka sikioni, anasikiliza.

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikamvalisha stetoskopu yangu masikioni, ncha yake nikaiweka chini ya titi lake la kushoto. Akafumba macho.

"Inapiga, halafu inafanya shiii," alisema. "Vali haifungi. Inavuja."

"Ndiyo, baba. Moyo una vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Upande wa kulia unasukuma damu mapafuni. Ikishapata hewa inaingia kushoto, juu, inashuka chini, kisha inasukumwa mwili mzima. Vali yako mbovu iko hapo kushoto, kati ya juu na chini. Chumba cha chini kikijikaza, damu nyingine inarudi ilikotoka, mapafu yanalemewa."

"Kumbe ndiyo maana kwenda chooni tu nahema kama nimebeba tangi."

"Basi tia sahihi."

Akavua stetoskopu taratibu. "Mwanangu, fundi anayefungua pampu inayozunguka ni mwendawazimu. Na hii haizimwi. Sasa hao wataishikaje?"

Wiki nzima tulidhani anaogopa kisu. Jibu nilikuwa nalo, ila nilimficha kwa huruma.

"Wataisimamisha," nilisema.

Mama akaziba mdomo.

"Mashine ya nje itasukuma damu badala yake. Wakimaliza, moyo unaanza tena."

"Umeme ukikatika?"

"Kuna betri. Na jenereta."

"Vyote vikigoma?"

"Mashine yenyewe ina mkono wa kuzungushia, baba. Mtu anasimama anazungusha."

"Mkono wa chuma?"

"Wa chuma."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa ndiyo mnaongea! Siku zote mnaniambia nimwamini daktari, hakuna aliyenitajia mkono. Lete kalamu."

Alitia sahihi polepole. Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka.

"Ila huyo wa kuzungusha awe amelala vizuri. Asiwe kama wewe."

Mama akatoka mbiombio na karatasi. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Baba akasogeza miguu yake iliyovimba, nikalaza kichwa pale kitandani.