Sentensi Sita za Darasa la Saa Kumi na Moja

Nilifundisha Kiingereza Mosul kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo nilitumia mifano ya kitabu cha wizara: paka yuko juu ya meza, kalamu imo ndani ya sanduku. Tulipofika Amman niligundua kwamba mifano hiyo haifai. Mtu mzima aliyefukuzwa kwake hakumbuki paka wa mtu mwingine.

Darasa lilikuwa sebuleni kwetu, mtaa wa Hashmi, saa kumi na moja jioni. Wanafunzi walikuwa tisa, wote Wakristo wa Iraki kama sisi, wote wakisubiri kuitwa ubalozini kuhojiwa ili wapewe hifadhi ng'ambo. Ubalozi ulikuwa na mkalimani wa Kiarabu. Lakini mtaani iliaminika kwamba anayejieleza mwenyewe kwa Kiingereza huonekana mtu atakayejimudu huko aendako. Sikuwahi kuona ushahidi wa jambo hilo. Nilifundisha hata hivyo.

Kilichowasumbua zaidi ni vihusishi na viwakilishi. Kiarabu hubandika kiwakilishi nyuma ya kihusishi, vikawa neno moja. Kiingereza huviacha viwili, tena kiwakilishi hubadilika sura kikikaa nyuma ya kihusishi. Baba Fadi, aliyekuwa fundi wa majokofu, alisema "from we" kwa mwaka mzima.

"From us," nilimwambia. "Us."

"Mwalimu, sisi ni sisi tu. Hawa Waingereza ndio hawajui wao ni nani."

"Wamekungoja mwaka mzima uwaelekeze. Haya, rudia."

"Mwache, Mwalimu," alisema Mama Rita kutoka kwenye kochi, akimenya mbegu za alizeti. "Hata mkewe humwambia kitu mara kumi."

"Mke wangu hanitoi jasho hivi."

Siku moja ya Januari niliiacha mifano ya kitabu nikaandika ubaoni sentensi sita zangu mwenyewe, kila moja na kihusishi chake na kiwakilishi chake. Walimchukua kutoka kwetu. Alikuwa na viti ndani ya gari lake. Tulimsubiri hadi giza likatukuta. Walituachia barua chini ya mlango. Ilikuwa na risasi ndani yake. Tuliondoka bila yeye.

"Yeye" alikuwa Wisam, shemeji yangu, ndugu pekee wa mke wangu. Hajaonekana tangu siku alipotekwa, miaka sita sasa. Shamiram, mke wangu, aliingia na sinia ya chai, akausoma ubao, akaweka sinia, akarudi jikoni. Wanafunzi walizirudia sentensi zile jioni ile, na jioni zilizofuata, mpaka zikawatoka bila kosa. Baba Fadi hakusema "from we" tena.

Tuliitwa mwezi wa Machi. Binti yetu Miral aliambiwa asubiri kwenye benchi nje. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kalamu mbili za rangi tofauti. Nilijieleza kwa Kiingereza, na mkalimani alikaa karibu na Shamiram akimtafsiria kwa sauti ya chini. Nilipofika kwenye barua, afisa aliinua kalamu.

"Bwana Matti, tangu Januari nimewahoji watu watatu wa mtaa wenu. Wote wamekuwa na barua chini ya mlango, na wote waliondoka bila yeye. Maneno ni yale yale, kwa mpangilio ule ule. Wewe ni wa nne."

Nilielewa mara moja. Woga ulipowashika, walikamata Kiingereza pekee kilichowatoka kikiwa kizima, nacho kilikuwa cha kwangu. Nilielewa pia kwamba nikisema hivyo mafaili yao yatafunguliwa upya, na nisiposema, langu litafungwa.

"Ni wanafunzi wangu," nilisema. "Sentensi hizo ni zangu, niliziandika ubaoni. Wao pia walifukuzwa, ila kila mmoja kwa namna yake. Wahoji kwa Kiarabu."

"Nitawaita tena. Lakini hilo halikusaidii wewe. Mwalimu naye anaweza kuwa amepata hadithi mahali. Barua kama hii ninazo nyingi, na nyingine ziliandikwa hapa hapa Amman." Aliweka kalamu mezani. "Niambie kitu ambacho hakikuwa ubaoni."

Nilipitia nilichokuwa nacho. Namba ya gari, rangi ya geti, jina la mtaa: yote yalikuwa kwenye faili tayari, na yote mtu angeweza kuyakariri. Lilibaki jambo moja ambalo hakuna mtu niliyewahi kumwambia. Shamiram alikuwa ameketi umbali wa mkono kutoka kwangu.

"Mpangilio wa ubaoni si sahihi," nilisema. "Barua ilitangulia. Niliikuta Jumamosi alfajiri. Wisam alichukuliwa Jumanne."

Mkalimani, ambaye alikuwa akitafsiri bila kupumzika, alinyamaza.

"Tafsiri," afisa alimwambia.

Akatafsiri. Sikumtazama mke wangu. Niliona mikono yake tu, na haikusogea.

"Barua iliwapa muda gani wa kuhama?" afisa aliuliza, ingawa ilikuwa mbele yake.

"Siku mbili."

"Kwa nini hukumwonyesha mtu?"

"Mama mkwe wangu alizikwa Ijumaa. Nyumba ilijaa waombolezaji. Matanga yetu ni siku tatu. Nilikadiria kwamba vitisho vya aina ile huchelewa kutekelezwa, kwamba naweza kungoja watu watawanyike, ndipo niseme. Niliiweka kwenye mkoba wangu wa shule. Jumanne mchana Wisam alipakia viti tulivyoazima kanisani kwa ajili ya matanga, akaenda kuvirudisha. Jioni ile niliitoa barua mkobani, nikasema nimeikuta chini ya mlango."

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nitoke, akabaki na Shamiram.

"Mbona umetoka peke yako, Baba?" Miral aliuliza.

"Ni zamu ya mama yako."

"Mmefeli?"

"Sijui bado."

Shamiram alikaa ndani dakika arobaini. Alipotoka alimpa Miral ufunguo akamwambia atangulie na teksi, apashe wali moto. Sisi tulitembea. Tulifika karibu na ngazi za Hashmi.

"Jumatatu Wisam alikula kwetu," alisema.

"Ndiyo."

"Ulimmiminia chai. Nilikuona."

"Ndiyo."

"Barua ilikuwa wapi?"

"Mkobani. Nyuma ya mlango wa chumba."

"Yaani hatua sita."

"Kama hizo."

"Miaka sita nimejilaumu mimi. Mimi ndiye niliyemwambia arudishe viti siku ile, asingoje kesho yake. Ulinisikia nikililia hilo. Mara ngapi ulinisikia?"

"Mara nyingi."

"Na ulisema nini?"

"Nilisema si kosa lako."

"Ulijua vizuri sana kwamba si kosa langu, Matti."

Nilimwuliza Shamiram afisa alitaka nini kwake. Alisema aliulizwa swali moja kwa namna nyingi: kama alijua kuhusu Jumamosi. Alijibu kwamba hakujua. Baadaye nilifikiri kwamba huenda hilo ndilo lililotuokoa. Hadithi ya kununua, mume na mke huijua wote wawili.

Wanafunzi watatu waliitwa tena, Baba Fadi akiwa wa kwanza. Alikuja mlangoni hata viatu hakuvua.

"Umeniuza, Mwalimu."

"Nimesema uhojiwe kwa Kiarabu."

"Kwa Kiarabu nitaeleza duka langu lilivyochomwa, nitatoka na machozi. Kwa Kiingereza nilikuwa mwanamume."

"Duka lako lilichomwa kweli. Sema hilo."

"Nitasema. Wewe je, darasa lipo?"

Kabla sijajibu, Shamiram alisema kutoka jikoni kwamba hakuna darasa. Sebule ile sasa ilikuwa chumba chake cha kulala.

Simu ya ubalozi ilikuja baada ya wiki saba, saa nne asubuhi. Sauti ilikuwa ya karani, mwanamume, akizungumza Kiarabu cha Amman. Alisema faili limekubaliwa, na kabla ya vipimo vya afya wanahitaji kuthibitisha idadi ya wasafiri. Nilimwomba asubiri. Shamiram alikuwa mezani akichambua dengu, nikamkabidhi simu.

Alisikiliza. Aliniangalia kama mtu anayesoma saa ya ukutani, kisha akasema, "Watatu." Karani alikuwa anaanza kumshukuru alipomkatiza, akamwuliza kama idadi hiyo inaweza kubadilishwa baadaye. Aliambiwa inaweza, hadi siku tiketi zitakapokatwa. Aliomba atajiwe tarehe hiyo. Akaiandika kwa penseli pembeni mwa kalenda ya kanisa, akaniachia simu, akarudi kwenye dengu zake.